Vikombe Kumi na Kimoja

Muuguzi tuliyemwita Bi Taratibu hakuwa mpole. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia kwamba mtu amewatunza wazee kwa miaka ishirini na miwili huanza kumvika sifa za malaika, na yeye mwenyewe angeudhika. Alikuwa na ulimi mkali, magoti mabovu, na macho yaliyokuona hata pale usipopenda kuonekana. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya mwendo wake wa kazi tu. Kazi niliyoimaliza mimi kwa nusu saa, yeye aliikalia saa nzima na dakika zake.

Nilifika kwenye nyumba ile ya wazee nikiwa na cheti kipya ndani ya bahasha na kichwa kilichovimba. Lilikuwa jengo refu la chini, lenye korido moja katikati na vyumba tisa, vitanda viwili kila chumba. Madirisha ya upande mmoja yalitazama barabara ya karakana za kuchomelea vyuma, ya upande wa pili yalitazama ua wa kuanikia, ambako mashuka hayakuwahi kwisha. Ukiingia, pua ilikutana na sabuni kwanza, kisha mkojo, kisha chai. Baada ya wiki mbili nilikuwa sisikii tena harufu yoyote, na nilidhani huko ndiko kuizoea kazi.

Bi Taratibu aliletwa pale kwa adhabu. Alianzia wodi ya wazazi kwenye hospitali kubwa, na kwa miaka kumi alipokea watoto wa watu mpaka akaacha kuwahesabu. Siku moja alibishana na daktari mbele ya wanafunzi wake, kuhusu mama aliyekuwa akitokwa na damu. Daktari alikuwa amekosea, yeye alikuwa sahihi, na yule mama akapona. Mwezi uliofuata akaletewa barua ya uhamisho. Wakati ule kupelekwa kwa wazee kulikuwa sawa na kuwekwa stoo pamoja na vitanda vilivyovunjika. Alilia wiki nzima. Aliniambia mwenyewe, tena bila kuficha. Kisha akaona kwamba na wale aliopelekwa kuwatunza walikuwa wamewekwa stoo vilevile, akaona aibu kujililia peke yake.

"Usidhani hapo niligeuka mtakatifu," aliniambia. "Nilikasirika tu. Na mimi nikikasirika nafanya kazi."

Alibisha mlango kabla ya kuingia, akangoja ajibiwe. Alibisha hata chumba cha bibi asiyesikia kabisa. Alisimama mlangoni mpaka yule bibi amwone na kumpungia mkono. Kwapani alibeba kigoda kidogo cha mbao, na popote alipofika alikikalia, magoti yakimlalamikia, ili macho yake yawe chini ya macho ya anayezungumza naye. Alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mtu. Kila Jumatatu aliwapima uzito wote, hata waliogoma, na kilo moja ikipungua alitaka kujua imekwenda wapi. Wala hakumwita mtu babu au bibi. Kila mgeni alimuuliza siku ya kwanza, "Kazini walikuwa wanakuitaje?" Basi tulikuwa na Fundi, tulikuwa na Mwalimu, tulikuwa na Karani, na hata bwana mmoja aliyetaka kuitwa Refa, naye aliitwa Refa mpaka mwisho wake.

Mimi niliwaita wote babu na bibi. Ilikuwa rahisi, na niliona ndiyo heshima.

"Babu zako wako kwenu," aliniambia mbele ya watu. "Huyu ni Fundi."

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni vikombe. Kati ya wazee kumi na wanane tuliokuwa nao, kumi na mmoja walikuwa na meno bandia. Kila mmoja alilala akiwa ameyaloweka kwenye kikombe chake cha plastiki, chenye plasta iliyoandikwa jina kwa wino. Asubuhi Bi Taratibu alichukua kikombe kimoja, akaenda nacho mpaka kwenye sinki, akasugua meno yale kwa mswaki, akayasuuza, akayarudisha kikombeni, akampelekea mwenyewe, akamtazama ndani ya kinywa kwa tochi yake ndogo, kisha ndipo akaenda kuchukua kikombe cha pili. Mara kumi na moja kwenda, mara kumi na moja kurudi, na magoti yale.

"Mama, si tungeviweka vyote kwenye trei moja?" nilimuuliza.

"Tungeweza."

"Sasa?"

"Sasa hatuviweki."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake. Leo mimi ndiye ninayewafundisha wauguzi wapya, na huwa naeleza sababu, kwa kuwa najua ukimnyima mwanafunzi sababu atajitafutia ya kwake. Mimi yangu niliipata. Niliamua kwamba huyu mama anajitafutia umuhimu.

Fundi na Mwalimu walikaa chumba namba nne. Fundi alikuwa ameshona nguo za watu miaka hamsini. Alikuwa mwembamba, na kila alipokaa vidole vyake vilitafuta pindo la shuka na kulikagua. Kumbukumbu zake zilikuwa za kuja na kuondoka. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mwalimu yeye alikuwa na akili timamu na mapafu yaliyochoka. Waligombania dirisha kutwa nzima. Mwalimu alitaka liwe wazi apate hewa, Fundi alitaka lifungwe asipate baridi, na aliyeshindwa alinuna mpaka chai. Mwalimu alimsomea Fundi gazeti, Fundi alimshonea Mwalimu vifungo. Walikuwa chanda na pete, ingawa ungewaambia hivyo wote wawili wangekana.

Nilikuwa na miezi mitano pale wakati mdogo wake Bi Taratibu alipopasuliwa tumbo, naye akaomba likizo akamuuguze.

"Wiki tatu," aliniambia huku akinikabidhi funguo za kabati la dawa. "Mwalimu hana siku nyingi. Usimwache peke yake. Jumatatu mizani. Na vikombe, kimoja kimoja."

"Nimesikia, mama."

"Kusikia umesikia," akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Siku ya tatu mwenzangu wa zamu aliugua, nikabaki na korido nzima mikononi. Nikachukua beseni. Nikamimina humo vikombe vyote kumi na kimoja, nikatia dawa, nikayasugua meno yote kwa mpigo mmoja. Ilichukua dakika kumi, na nilijisifu moyoni. Kisha nikaanza kuyarudisha. Msinione mjinga kabisa, mengi niliyajua kwa macho. Ya Refa yalikuwa na vishikizo vya chuma, ya Karani yalikuwa makubwa kuliko ya wote, ya akina mama yalikuwa madogo. Mwishowe zikabaki seti mbili zilizofanana, zote za chumba namba nne. Nilizitazama kidogo, nikachagua.

Mwalimu alikuwa hajala kitu cha kutafuna kwa siku nne, kwa hiyo meno aliyopewa yalikaa kikombeni tu. Kesho yake saa nne asubuhi akafariki. Hapo kazi yangu niliifanya vizuri, na nalisema bila kujivuna, kwa sababu ndilo jambo pekee la wiki zile ninaloweza kulikumbuka bila kuona aibu. Nilikuwa nimekaa naye, nimemshika mkono, na Fundi yuko kitanda cha pili ametulia. Mwalimu alipumua, akakaa, akapumua, halafu hakupumua tena. Hakukunja hata uso. Nikamwosha. Nikamvalisha meno kabla taya halijakaza, ili mkewe amkute na sura yake. Hayakukaa vizuri. Mdomo ulivutika upande na meno yakatokeza. Nikayasukuma, nikakifunga kidevu kwa bendeji, nikajiambia ugonjwa umemmaliza mashavu.

Mkewe alikuja mchana, mwanamke mfupi, msemaji haba, ambaye hakuwahi kukosa siku ya kutembelea wagonjwa. Alimtazama mumewe usoni kwa muda mrefu sana.

"Aliumia?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Alilala tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaufunika ule uso kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake wakazika.

Siku ile ile aliyofariki Mwalimu, wakati wa chakula, Fundi aliyavua meno yake akayaweka mezani kando ya sahani.

"Haya si yangu."

"Ni yako, babu. Vaa ule."

"Si yangu."

"Babu, chakula kinapoa."

Akayavaa. Siku iliyofuata akasema tena. Siku ya tatu akasema tena, na safari hii aliniita kwa jina la dada yake, nami nikaona nimepata ushahidi wote niliouhitaji. Nikaandika kwenye daftari la zamu: Mzee amechanganyikiwa, anasema meno si yake, ameshauriwa. Hilo neno "ameshauriwa" linanichoma mpaka leo.

Baada ya hapo hakusema tena. Alikula nusu sahani, kisha robo, kisha akawa anafunga mdomo kijiko kikimkaribia. Sote tulikuwa na maelezo tayari: amefiwa na mwenzake, moyo umekufa. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye huruma, na yalitufaa kwa kuwa hayakutudai tufanye kitu. Kila mlo tulimvalisha meno yale, maana bila meno angekulaje? Mizani ya Jumatatu niliiruka, na Jumatatu ya pili nikairuka tena, nikisema namwonea huruma kumsimamisha. Daktari akaja, akamsikiliza kifua, akasema mzee wa umri huo akishakata tamaa tusimlazimishe, binti yake aitwe.

Binti yake alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, anauza vitambaa. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha Mwalimu, akakishika kiganja cha baba yake.

"Baba, kama umechoka nenda tu," akamwambia. "Sisi tutakuwa sawa."

Fundi alimtazama, machozi yakamshuka mpaka masikioni. Tulidhani anaaga.

Bi Taratibu alirudi siku mbili kabla likizo yake haijaisha, mdogo wake akiwa amepata nafuu. Alilisoma daftari la zamu akiwa amesimama, mkoba bado uko begani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ndivyo alivyosoma siku zote, tangu siku aliyoondoka mpaka siku aliyorudi, wakati sisi wengine tulisoma ukurasa wa mwisho. Kidole kikafika mahali kikasimama.

"Hapa ameandika nani?"

"Mimi, mama."

"Amesema mara ngapi?"

"Mara tatu. Lakini alikuwa..."

"Sijakuuliza alikuwaje."

Akachukua kigoda chake. Akabisha mlango wa namba nne, akangoja. Binti alikuwa amesinzia na Fundi amegeukia ukutani. Akabisha tena, akangoja tena, mpaka Fundi akageuza kichwa. Ndipo akaingia, akakaa, akasugua viganja.

"Fundi, nimerudi. Nimesoma kwamba umesema meno si yako."

Fundi akamkazia macho.

"Kama si yako, ni ya nani?"

Swali hilo mimi sikuwahi kuliuliza. Lilikuwa swali la kawaida kabisa, la mtu aliyeamini alichoambiwa. Fundi akautoa mkono chini ya shuka, mifupa mitupu, akaunyoosha kuelekea kitanda cha pili. Binti yake aliyekuwa amekikalia, sasa ameamka, akadhani anaitwa, akasogea karibu. Mkono wa Fundi ukabaki umeelekea kitandani.

Bi Taratibu akawasha tochi. Kwenye ufizi wa chini kulikuwa na vidonda viwili, kimoja kila upande, vimechimbika na kuwa vyeupe katikati. Aliyatoa meno yale kidogo kidogo, akayapeleka dirishani kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye meno ya mbele.

"Njoo hapa. Meno ya Fundi yana alama gani?"

Nilikuwa nimeyaosha miezi mitano, na sikuwahi kuyatazama.

"Jino la mbele lina mtaro mdogo," akasema. "Amekata uzi kwa meno maisha yake yote. Ya kuzaliwa nayo yaliisha hivyo, akapewa bandia, akaendelea vilevile. Unadhani uzi wa vile vifungo vya Mwalimu alikuwa anaukata kwa kitu gani, na mkasi hatuwaachii? Pitisha ukucha wako."

Nikapitisha. Jino lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

"Mwalimu amezikwa na meno?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Uliyaosha vipi?"

Nikamwambia kuhusu beseni. Nilikuwa nangoja anirarue. Ulimi ule niliwahi kuuona ukimwacha dereva wa gari la wagonjwa akitafuta pa kujificha. Hakunigombeza. Alivua saa yake ya mkononi akaitia mfukoni, akakunja mikono ya sare.

"Chemsha maji, tia chumvi, yaache yapoe," akasema. "Kwanza huyu ale. Mengine baadaye."

Sijui kama ningeweza kuwaeleza siku tatu zilizofuata nikaeleweka. Bi Taratibu alimkalisha Fundi wima, kidevu kimeinama kidogo, si kimeinuka kama tulivyokuwa tukifanya sisi, maana kichwa kikiinuka uji huenda mapafuni. Kijiko nusu. Anameza, unaliona koo likipanda na kushuka, unangoja, ndipo unapeleka kijiko kingine. Vijiko vinane kwa dakika arobaini, kisha maji ya chumvi, kisha mapumziko, kisha unaanza tena. Siku ya kwanza Fundi alitapika vyote. Siku ya pili akashikwa na homa, na daktari akasema huenda tumechelewa. Bi Taratibu akamwomba dawa ya vidonda na dawa ya maumivu, akamsimamia mpaka akaziandika. Mimi niliisikiliza kila pumzi ya Fundi kana kwamba ni yangu. Nilimwomba Mungu, tena kwa woga mtupu, kwa sababu nilijua kwamba mzee huyu akifa nimemuua mimi, kwa haraka zangu na kwa kutomsikia. Nilipoona magoti ya Bi Taratibu yamevimba nikamwambia akapumzike, nitamlisha mimi.

"Kaa hapa," akanipisha kwenye kigoda. "Macho yako chini ya yake. Usiangalie kijiko, mwangalie koo."

Siku ya tatu, mchana unakaribia, Fundi alimeza kijiko cha sita akakunja uso.

"Uji hauna sukari," akasema.

Binti yake akaangua kilio korido nzima ikasikia. Fundi akamtazama kwa mshangao, kisha akanigeukia mimi. Hakuniita kwa jina la dada yake.

"Nilikwambia, binti."

Hayo tu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Niwie radhi, Fundi," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

Alipata meno mapya baada ya wiki sita, akaishi miaka miwili zaidi. Alipoambiwa meno yake ya zamani yako wapi, aligeuka akatazama dirisha. Lilikuwa wazi. Tangu Mwalimu afariki angeweza kulifunga kutwa na asiwe na wa kumbishia, lakini hakutaka lifungwe.

"Basi Mwalimu huko anakata uzi," akasema. Akacheka kidogo, kisha akafuta macho kwa pindo la shuka.

Msimamizi wa nyumba aliniita ofisini akanipa barua ya onyo, nami niliistahili. Kisha akafunga mlango akasema habari ya Mwalimu iishie pale pale. Aliyezikwa amezikwa, ya nini kumtonesha mjane kidonda? Nilikubali haraka, Mungu anisamehe. Nilipotoka nilimkuta Bi Taratibu ameliweka daftari la zamu mezani, limefunguliwa ukurasa wa siku ya beseni, kalamu iko juu yake.

"Andika."

"Msimamizi amesema..."

"Msimamizi hakuosha meno."

"Mama, niandikie wewe."

"Mimi sikuwepo. Andika kwa mkono wako huo huo ulioyaosha." Aliningoja mpaka nikaandika, akausoma mstari wangu kwa kidole. "Jumamosi tunakwenda kwa mke wa Mwalimu. Nitakusindikiza. Kusema, utasema mwenyewe."

Nimegundua kwamba ziara ile nimekuwa nikiikwepa tangu nilipoanza kuandika, na hata sasa nataka kuikwepa kwa kusema kwanza habari nyepesi. Bi Taratibu alistaafu miaka sita baadaye. Siku ya kumuaga, wakubwa walihutubia sana kuhusu upendo na moyo wa kujitolea. Alipopewa nafasi alisimama kwa shida akasema, "Moyo ninao, asanteni, lakini meno yanaoshwa kwa mswaki," akakaa. Siku hizi anaishi na mdogo wake. Magoti yamemkataa kabisa, yeye sasa ndiye wa kuogeshwa na kulishwa, na ukiingia chumbani kwake bila hodi anakurudisha mlangoni. Nikienda kumtembelea nachukua kigoda.

Basi, Jumamosi ile. Mke wa Mwalimu aliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Sakafu ilikuwa imefagiliwa ikang'aa, na vitabu vya marehemu vilikuwa vimefungwa kamba na kurundikwa pembeni, vimegeuziwa ukuta. Alitukaribisha viti. Bi Taratibu alikaa kwenye chake, mkoba mapajani. Mimi nikaona kigoda karibu na mlango wa jikoni, nikakivuta, nikakaa mbele ya yule mama, macho yangu chini ya yake.

Nikamwambia yote. Beseni, haraka, zile seti mbili, jinsi nilivyochagua. Kwamba mumewe alizikwa na meno ya mtu mwingine, na aliyefanya hivyo ni mimi. Nilimgeukia Bi Taratibu anisaidie, lakini alikuwa anatazama mikono yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Siku ile nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza kama aliumia. Ukaniambia alilala."

"Alilala, mama. Naapa."

"Sikukuamini. Kinywa chake nilikiona. Kimekenua, kimekwenda upande. Nikasema mume wangu amekufa anapiga kelele, na hawa wauguzi wananificha. Nikifumba macho nakiona hicho kinywa. Nimegeuza vitabu vyake, maana hata nikiona jina lake limeandikwa mahali naona ule uso."

Bi Taratibu akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akakiweka mapajani mwa yule mama. Alimfungulia pembe moja, zilizobaki akamwachia afungue mwenyewe. Ndani yalikuwa meno tuliyomvua Fundi, yameoshwa, yamekauka. Mama akayatazama. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye jino la pembeni, lililomeguka ncha kidogo, ambalo mimi pia sikuwahi kuliona.

"Hili lilivunjikia kwenye mfupa," akasema. "Nikamwambia akalitengeneze. Akasema uzee huu ajipambe kwa ajili ya nani."

Akakigeuza kitambaa kwenye mwanga, akayatazama tena yote.

"Haya ndiyo yake," akasema, na hapo ndipo akalia. Alilia kwa sauti, akiyashikilia yale meno kwa mikono miwili, na mimi nikalia naye bila kujua kama nina haki ya kulia mbele yake. Bi Taratibu hakumnyamazisha. Alisubiri mpaka amalize, akampa maji.

Mama akanywa, akajifuta uso, akanitazama.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Nilikuwa nimemshika mkono."

"Nisimulie tena. Anza pale alipoamka."

Nikaanza upya. Nikamwambia aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akaomba dirisha lifunguliwe, na Fundi, kwa mara ya kwanza tangu waishi pamoja, akasema lifungueni.